Kiti Kilichogeuka Santuri

"Kiti kiko wapi?"

"Filo, kaa kwanza."

"Nikae wapi, Marselino? Ndicho ninachokuuliza. Kiti kiko wapi?"

Marselino alikuwa amesimama uani, Temeke, nyumbani kwa Felicitas, dada mkubwa aliyeishi na Filomena. Baiskeli kaiegemeza ukutani. Kwenye keria hapakuwa na kiti. Kwapani alikuwa na kitu bapa cha mraba, kimefungwa kwa gazeti.

"Nimekibadilisha."

"Na nini?"

Akalifungua gazeti taratibu, kama mtu anayefungua kidonda. Ilikuwa santuri, zile kubwa zinazojaa mikono miwili. Juu ya jalada palichorwa samaki mwenye madirisha ubavuni kama behewa la treni, na katika kila dirisha kuna mtu amelala.

Filomena alimtazama samaki yule kwa muda. Kisha akamtazama mwanamume aliyetaka kumwoa.

Kiti hicho cha mninga hakikuwa kiti tu. Marselino alikichonga jioni baada ya jioni, kazi za banda la vinyago kule Kinondoni zikiisha. Mgongoni alikichongea mkungu wa ndizi, maana mkaliaji wake ni Mhaya: Ta Theonest, kama Wahaya waitavyo wazee wao, baba yake Filomena, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda cha parokia yao huko Bukoba. Mzee alikuwa amekwisha kusema kwamba hana hamu ya mkwe mchonga vinyago. Filomena akamwomba aje Dar akikalie kiti ambacho mchonga vinyago huyo atamtengenezea, ndipo aseme. Mzee akakubali. Nitakuja nikikalie, alisema, kisha nitatoa jibu.

Na Jumamosi, siku ya posa, ilikuwa imebakiza siku tatu.

"Una gramafoni wewe?" Filomena aliuliza.

"Sina."

"Kwa hiyo umetoa kiti cha baba yangu, ukachukua kitu usichoweza hata kukipiga."

"Shemeji Gaudens anayo."

"Marselino."

"Nisikilize. Nilikuwa nakuja huku nacho, nikapitia kwa yule mwalimu Mswidi anayehama, nimpelekee vinyago vyake. Akakiona. Nikamwambia hiki si cha kuuza, kina mwenyewe. Akasema basi nimsaidie kufunga vyombo. Tukafunga. Huku nyuma kaweka hii. Filo, mie nilisimama na sahani mkononi mpaka ikaisha. Nikamwomba airudie. Akairudia. Nikamuuliza anaiuzaje, akasema haiuzi, ila kile kiti..."

"Ukampa."

"Nilitaka uisikie. Sikufikiria jingine."

"Hilo la mwisho naliamini," Filomena alisema.

Gaudens, mume wa Felicitas, aliingia kutoka kazini akiwa na suti yake ya Kaunda na furushi la sukari aliyoipangia foleni. Alikuwa karani wa shirika la umma, na gramafoni ilikuwa yake, ipo sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma mkewe. Alipoelezwa habari ya kiti alicheka mpaka akaketi.

"Fundi, leta hiyo bidhaa tuione. Kiti kizima cha mninga, lazima humo ndani kuna malaika."

Santuri zake zote zilikuwa ndogo, za rumba na dansi, wimbo mmoja huku na mmoja kule. Aliifuta ile kubwa kwa kiganja, akaiweka, akashusha sindano.

Kilichotoka kilikuwa ni ndege. Ngoma zilikimbia kama watu wanaofukuzwa na nyuki, na mwimbaji alilia kisauti chembamba cha kifaranga aliyekanyagwa. Felicitas alikuja kutoka jikoni na mwiko mkononi. Watoto wa jirani wakajipanga dirishani, wakaanza kumwigiza mwimbaji.

Marselino akasogea. "Sivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyo, bwana," Gaudens alisema. "Kwa Mswidi ulikuwa na njaa."

"Shemeji, haikuwa hivi."

"Nchi inajenga Ujamaa, watu wanahamia vijijini na majembe, wewe unatoa kiti unaleta vifaranga vya mabepari. Na wimbo wenyewe haukomi. Utachezwa na nani huu?"

"Labda na samaki," Felicitas alisema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Filomena hakucheka. Alinyanyua sindano mwenyewe, akamfuata Marselino uani.

"Jumamosi usije."

"Filo."

"Baba anasafiri na meli, kisha treni, mifupa yake yote inauma, kwa ajili ya kiti. Nimwambie nini? Kwamba kitu ulichomtengenezea ukampa mwingine njiani? Sasa mie nitajuaje hutanitoa na mie?"

Marselino alipanda baiskeli yake akaondoka, na santuri akaiacha.

Alhamisi Filomena alirudi mapema kutoka ofisini, alikokuwa mpiga chapa. Nyumba ilikuwa tupu. Aliitoa santuri kwa hasira ya kawaida kabisa, apate kujua ni kitu gani hasa kilichomshinda. Akasoma kile kikaratasi cha katikati, Kiingereza kingi, majina ya watu wenye nywele ndefu bila shaka, na chini namba: thelathini na tatu. Akaitazama gramafoni. Pembeni palikuwa na kiswichi ambacho hakuna aliyewahi kukigusa tangu Gaudens ainunue. Kilikuwa kwenye arobaini na tano, mahali pake siku zote, kwa zile ndogo.

Akakisukuma.

Sauti ilishuka, ikakaa. Yule kifaranga alikuwa mwanamume mtu mzima, tena mchovu. Wimbo ulianza kama mtu anayefagia ua, bila haraka, fagio moja baada ya jingine. Kisha ngoma zikaingia, na ngoma hizo zilikuwa na tabia mbaya: ulipolisubiri pigo, halipo, ulipolisahau, hilo hapo. Mguu wake ulijaribu kufuata ukashindwa, ukajaribu tena, ukaacha. Ghafla kila kitu kikanyamaza ikabaki filimbi. Alidhani umekwisha. Aliinuka kugeuza, na kinanda kikaingia kutoka chini kabisa, kinanda cha kanisa, lakini kimetoka kanisani bila ruhusa.

Filomena akarudi kukaa. Hakuwa ameketi kwenye kiti, bali sakafuni. Hakukumbuka alishukaje.

Ulipokwisha aliurudia. Wimbo mmoja, upande mzima. Watu hawa walikuwa na jambo la kusema na hawakuona aibu kulisema lote.

Asubuhi yake, bosi alipotoka, alivuta simu ya ofisi akapiga duka lililo jirani na banda la wachongaji.

"Duka la Mwishehe, sukari hakuna."

"Sitaki sukari, Mzee Mwishehe. Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Filomena. Naomba niitie Marselino."

"Yule siku hizi haongei na mtu. Jana kachonga tembo, kamsahau mkonga." Simu ikawekwa mezani. Kukapita ukimya mrefu, na kuku mmoja. Kisha pumzi.

"Haloo."

"Mlitumia mwendo gani kwa Mswidi?"

"Mwendo gani?"

"Pembeni ya gramafoni kuna kiswichi. Shemeji alikuwa akiikimbiza."

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Pale penye kinanda?"

"Pale penye kinanda nilikaa chini. Usijisifu lakini. Bado nimekasirika. Kiti kilikuwa cha baba."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuja kuniuliza kwanza. Kitu kizuri hakiharibiki kwa kuulizia."

"Nilikosea, Filo. Sitakuja kukwambia nilikuwa sahihi kwa sababu santuri ni nzuri."

Filomena aliuzungusha waya wa simu kidoleni. Hilo ndilo jibu alilokuwa akilitaka, na hakujua kuwa alikuwa akilitaka.

"Jumamosi uje. Uje na mjomba wako. Na ukweli uutoe wewe mwenyewe, mie sitakusemea."

"Muulize kama uende na kiti," sauti ya Mwishehe ilisikika kwa mbali.

Jumamosi Ta Theonest alifika akiwa na koti zito la safari, jembamba mabegani, na fimbo. Aliamkiwa na nyumba nzima. Marselino na mjomba wake Fransis, ambaye ndiye mshenga, walikuwa wamekwisha kaa kwenye mkeka. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akizungusha macho.

"Kiti nilichoambiwa ni kipi?"

Gaudens akatazama dari. Mjomba Fransis akakohoa aanze maneno ya kishenga, lakini Marselino akamtangulia.

"Shikamoo, mzee. Hakipo. Nilikitengeneza, kikaisha, nikakibadilisha na santuri."

"Santuri."

"Ndiyo, mzee. Nilifanya vibaya. Kilikuwa chako."

Ta Theonest alimtazama binti yake. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, baba. Nilimfukuza. Kisha nikamwita."

"Kwa nini ukamwita?"

"Kwa sababu niliisikiliza."

"Nimetoka ng'ambo ya ziwa kuja kukalia kiti," mzee alisema. "Hakuna kiti. Basi ipigwe hiyo iliyokila."

"Baba," Gaudens alisema, "naomba nikutahadharishe..."

"Nimesema ipigwe."

Filomena ndiye aliyeiweka. Kiswichi alikiangalia mara mbili. Gaudens na mkewe walijiandaa kucheka, na fagio la kwanza lilipopita wakabaki na vicheko vyao midomoni bila pa kuvipeleka. Mzee bado kasimama, kaegemea fimbo, uso hausemi kitu. Ngoma zilipoingia kwa ile tabia yao mbaya alikunja uso.

"Huyu mpiga ngoma amelewa?"

"Hapana, mzee," Marselino alisema. "Anazunguka. Atarudi."

Mpiga ngoma akarudi. Mzee akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukubali wala kukataa. Filimbi ikaja, ikaisha. Kisha kile kinanda kikapanda kutoka chini.

Vidole vya Ta Theonest vilisogea juu ya kichwa cha fimbo. Filomena aliviona. Vilitafuta, vikakosa, vikatafuta tena. Mzee akashuka taratibu, goti moja, kisha jingine, akaketi kwenye mkeka pembeni ya mchonga vinyago.

"Hana adabu huyu," alisema, akisikiliza. "Hapo alipopita hapapitwi. Mie Padri angenifukuza."

"Nimpunguze sauti, baba?" Felicitas aliuliza.

"Umwache."

Mjomba Fransis, aliyeona mwanya, akamnong'oneza mzee kwamba wao wamekuja kwa heshima, wameona ua katika nyumba hii. Mzee akainua kidole, naye akanyamaza. Halafu, bila kugeuza uso kutoka kwenye gramafoni, Ta Theonest akauliza lile swali ambalo kila baba huliuliza siku kama hiyo.

"Filomena. Huyu mtu unamfahamu?"

Desturi ni kujibu kwa neno moja, macho chini. Filomena hakuangalia chini.

"Namfahamu. Ni mtu anayeweza kutoa kiti chako akisikia kitu kizuri. Kisha atakuja mwenyewe akwambie amekitoa."

"Na unamtaka hivyohivyo?"

"Namtaka hivyohivyo, baba. Ila kuanzia leo akitaka kubadilisha kitu ataniuliza."

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi nimepokea. Mambo ya mahari nitaongea na mjomba wako."

Felicitas alifungua mdomo kwa vigelegele. Kidole cha mzee kikapanda tena hewani.

"Bado haijaisha," alisema.

Ikabidi wangoje. Nyumba nzima ilikaa na furaha yake kama watu waliobeba maji kichwani: Felicitas kiganja mdomoni, Gaudens akitazama kile kiswichi chake kana kwamba kimewekwa jana, Marselino na Filomena kila mmoja upande wake wa mkeka, mzee katikati yao amefumba macho. Kinanda kilizidi kupanda, kikaachia, ngoma zikafifia, kukabaki mlio wa sindano ikikwaruza mwishoni.

Ta Theonest akafumbua macho.

"Sasa," akamwambia Felicitas.

Na vigelegele vikapigwa.