Kiota Kando ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rahabu alifagia uwanja, akapepeta pumba, kisha akaingia jikoni kumlisha kuku wake. Kuku huyo aliitwa Madoa. Alikuwa tembe, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuatamia mayai. Bibi yake Rahabu ndiye aliyempa mwaka uliopita, siku Rahabu na shangazi yake Dorkas walipoiacha Bombo milimani na kushuka kwenye kijiji cha ujamaa kule Maore.

"Mtunze," bibi alisema. "Sina kingine cha kukupa."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja tangu Madoa aatamie, Rahabu hakuwahi hata kuweka bakuli chini. Alisikia mlio mwembamba wa uchungu. Madoa alikuwa amesimama kiotani, manyoya yamemsimama, mdomo wazi, anahema. Vifaranga wawili walikuwa wameshatotolewa. Mmoja, bado amelowa, alikuwa akivuja damu kichwani, na Madoa akamdonoa tena.

"Shangazi! Madoa anawaua wanawe!"

Rahabu aliwanyakua vifaranga na kuwafunika kwa upindo wa kanga yake. Shangazi Dorkas aliingia na mwiko mkononi. Tangu wahamie huku tambarare, hakuwa na neno laini kwa mtu.

"Nilisema mimi! Kuku huyu hana akili ya kulea. Jioni ataingia chunguni."

"Shangazi, nakuomba..."

"Nani alimchokoza? Kuku haamki tu akawachukia wanawe."

Rahabu alijua jibu. Kila siku baada ya shule alikuwa akimwinua Madoa kiotani, akiwaonyesha wenzake mayai na kuyahesabu moja moja, ingawa shangazi alikuwa amemkataza. Lakini aliuogopa ule mwiko.

"Kurwa," alisema. "Huwa anaingia humu na kijiti, anamchoma."

Kurwa alikuwa binti wa jirani yao, Bi Kuluthumu, mwenyeji wa Maore. Hakuna jina ambalo lingemwasha shangazi zaidi ya hilo. Wanawake hao wawili walikuwa hawajasalimiana tangu mwezi wa tatu, kuku walipofukua karanga za Bi Kuluthumu, na Dorkas akaapa kwamba kuku wake walikuwa wamefungiwa ndani.

Dakika moja baadaye kelele za wanawake hao wawili zilijaa uwanjani.

"Kurwa wangu? Mchana kutwa niko naye shamba la kijiji!"

"Basi twende kwa balozi wa nyumba kumi!"

"Twende! Lakini kwanza nimwone huyo kuku, nisije nikahukumiwa kwa kitu nisichokiona."

Bi Kuluthumu aliingia jikoni, Kurwa nyuma yake.

"Shikamoo," Rahabu alisema.

"Sina marahaba ya kukupa leo."

Kurwa alimkazia macho. "Tangu lini nikaingia kwenu? Nifuate nini, moshi?"

Bi Kuluthumu alisimama ghafla. Kiota kilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye mafiga, na moto ulikuwa unawaka.

"Nani aliweka kiota hapa?"

"Mimi," Dorkas alijibu. "Kwetu kuku anayeatamia huwekwa kando ya jiko apate joto."

"Kwenu Bombo, ambako mnaamka na mablanketi mabegani! Hapa Maore? Mmemwoka mzazi wa watu! Tazama anavyohema." Alitenganisha manyoya ya Madoa. "Na viroboto hawa! Nani angeweza kulea akiwa hivi?"

Dorkas alichomoa ukuni kwenye mafiga.

"Anaweza kutulia," Bi Kuluthumu aliendelea. "Ila nataka ukweli. Kama alichokozwa siku moja mbili, tumhamishe tu, basi. Kama ameshikwashikwa kila siku, anamwogopa kila mtu. Itabidi afungiwe, na mwenye kuku mwenyewe asimguse. Nikikosea hapa, atawamaliza vifaranga wote. Haya, ni lipi?"

Rahabu aliutazama mwiko, kisha chungu. Akamtazama Madoa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namwinua kila siku. Kurwa hajawahi kuingia humu."

Kurwa alisonya. Shangazi aliinua mwiko.

"Utampiga baadaye," Bi Kuluthumu alisema. "Vifaranga wanapoa."

Aliwatuma wote kama vibarua. Kurwa alileta tenga kuukuu na nyasi kavu. Dorkas alichekecha majivu, wakampaka Madoa chini ya mbawa. Walimhamishia kona ya ghala, penye sakafu ya udongo wa baridi, pamoja na mayai yake saba, wakaziba dirisha kwa gunia. Madoa alikunywa maji, akanywa tena, mpaka Rahabu akaona aibu. Kwa wiki tatu alikuwa amempelekea chakula tu.

Kuku alipotulia gizani, Bi Kuluthumu alipitisha mkono polepole kwa nyuma, akamsukumia kifaranga mzima chini ya bawa. Kisha yule mwenye jeraha. Madoa alijitikisa, akainamisha kichwa. Rahabu alifumba macho.

Kroo, kroo, kroo. Sauti nzito, ya chini. Madoa alikuwa akiwaita wanawe.

Walitoka nje kwa kunyata. Rahabu alimgeukia Kurwa. "Nisamehe."

"Nitafikiri," Kurwa alisema.

"Sikiliza, wewe mtoto," Bi Kuluthumu alisema. "Kuku hawezi kueleza alichotendewa. Wewe ndiye uliyekuwa wa kumsemea. Ulipodanganya, ulikaribia kumuua yeye, na ukamchafua mwanangu. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kinachoweza kuokolewa."

"Nimesikia, mama."

Bi Kuluthumu alijifunga kanga, akaanza kuondoka. Alikuwa amefika katikati ya uwanja shangazi Dorkas alipomwita.

"Kuluthumu!"

Aligeuka. Dorkas alikuwa bado na majivu mikononi. Alimtazama Rahabu, kisha akatazama chini.

"Zile karanga zako. Walikuwa kuku wangu. Niliwaona wakifukua, nikakaa kimya. Nisamehe."

Bi Kuluthumu alirudi hatua mbili kumwelekea.

"Nilijua," alisema. "Miezi mitano nangoja uniambie."