Mboje wa Kwenye Simu

Siku Novatus alipokutana na Mboje, soko la Bariadi lilikuwa limefurika watu, naye alikuwa akigeuzageuza kipande cha michembe mkononi.

"Samahani, dada, haya magome yanatibu nini?"

Msichana aliyesimama kando yake, mwenye gauni la kitenge cha njano, alicheka hadi akashika meza. "Yanatibu njaa, kaka. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Wewe wa wapi?"

"Muleba. Afisa kilimo mpya."

"Afisa kilimo hajui michembe! Tumekwisha."

Kwa miezi mitatu haikupita siku bila simu yake. Mboje, mwalimu wa shule ya msingi, alimnong'oneza maneno ya Kisukuma, kisha akakataa kuyatafsiri. "Jifunze, mpenzi." Novatus hakujifunza. Sauti ilimtosha.

Siku mbili kabla ya uchaguzi, mwenzake wa ofisini, Mayunga, alimsikilizisha ujumbe uliokuwa unazunguka kwenye makundi ya wilaya nzima. Ilikuwa sauti ya Mboje, kwa Kisukuma.

"Anasema nini?"

"Eti watu wa kata ya Kasoli wasiende vituoni, kura zao zimeahirishwa. Uongo mtupu, ndugu yangu."

Mtandaoni watu walikuwa wanararuana. "Mwalimu kanunuliwa huyo!" "Ni mabeberu wanatuchezea." "Mabeberu waijue Kasoli? Acheni visingizio!" Ukurasa ulioanzisha ujumbe ulionyesha wazi kuwa wasimamizi wake wote wako nje ya nchi, lakini nani alijisumbua kutazama?

Novatus akapiga simu. "Wamekupa nini, Mboje?"

"Nani kanipa nini?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Umesikia lugha usiyoijua, ukanihukumu." Simu ikakatwa.

Kulipokucha akawasha pikipiki hadi kwao Mboje, Kasoli. Mama Esteria, mama yake Mboje, aliacha kupepeta mahindi, akausikiliza ujumbe, akasonya.

"Huyo si mwanangu. Mboje aseme na wakubwa bila salamu? Labda nimzae upya."

Mboje akatoka ndani, khanga kichwani, macho yamevimba. "Mwaka jana kampuni moja ya nje ilinipata mtandaoni. Nikawasomea sentensi elfu moja za Kisukuma. Walisema wanaifundisha kompyuta lugha yetu. Nilijivunia, Nova." Akajishika shingo. "Kumbe walichukua koo langu, sasa kompyuta inasema uongo kwa sauti yangu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Kwanza watu wajue. Twende."

Kwenye ghala la ushirika wazee walikuwa wamekusanyika. Mboje akapiga magoti, akawasalimu, wakaitikia. Kabla hajaendelea, simu ya mmoja wao, Mzee Jilala, ikatoa mlio. Ujumbe mpya. Akaubonyeza.

"Mwangaluka, baba..."

Sauti ya Mboje, laini, yenye adabu zote. Mara hii wamejifunza kusalimu! Naye Mboje yuko pale pale, magotini, midomo imefumbwa. Mzee Jilala akaitazama simu, akamtazama binti, kisha akaiweka chini polepole kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mtoto wangu," akasema, "sasa tumwamini nani?"

Novatus akapiga magoti kando ya Mboje, suruali ya ofisini vumbini. Mwanaume kupiga magoti! Hilo liliwashtua wazee kuliko simu.

"Wazee wangu, mimi nampenda huyu, na bado nilimwamini yule wa kwenye simu. Msirudie kosa langu. Mkisikia neno, nendeni mlangoni kwake, mumuulize. Kura ni kesho."

"Wewe ni nani kwake?"

"Sijui, mzee. Bado amekasirika."

"Ni mkwe wenu," Mboje akadakia, akiinuka na kujipangusa vumbi, "akileta ng'ombe."

Kicheko kikalipuka ghalani. Novatus akabaki chini, mdomo wazi.

Asubuhi ya uchaguzi foleni ilitoka kwenye darasa la kupigia kura hadi barabarani. Mzee Jilala alikuwa wa nne. Lakini wengine, walioiamini sauti ile, hawakuja, na Mboje alizijua nyumba zao moja moja. Novatus akaushika mkono wake mbele ya wote, na safari hii hakutaka kusikia sauti yoyote; mkono ulimtosha.