Tao la Cora

"Njoo ulitazame hili gauni, Berto, halafu uniambie kama limetobolewa na mende."

Bi Pasing alisimama kwenye uzio wa mianzi, gauni jeupe la mjukuu wake mikononi. Karibu na pindo palikuwa na matundu saba madogo, kingo zake nyeusi.

Berto, fundi wa kuunda vibanda vya abiria vya pikipiki za magurudumu matatu, alitoka karakanani akijifuta mikono. "Mama, kwa heshima yako, mimi asubuhi yote nilikuwa sokoni kutafuta rangi. Ndiyo kwanza nafika."

"Basi mashine yako ya kukatia vyuma iliwashwa na mzimu. Mzimu fundi."

Majirani wakacheka. Kwetu mjini Baliwag ugomvi wa uzioni hauna mlango, kila mtu anaingia. Hata muuza mkate aliegesha baiskeli yake asikilize vizuri.

"Wanacheka," akasema Bi Pasing. "Leo saa kumi na moja jioni Cora anatembea kwenye maandamano ya maua ya kanisa. Mwaka mzima amengoja. Atavaa nini, gunia la mchele?"

Nyuma ya Berto alikuwa binti yake Minda, mwenye miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulijua kwamba ndiye aliyeomba kutengeneza tao la maua la kubebwa, ambalo Cora, rafiki yake, angetembea chini yake. Miaka yote tao letu lilikuwa la mianzi. Minda alitaka la bomba jembamba la chuma, lisiyumbe njiani. Baba yake alikuwa amekwisha kulikunja bomba la juu, zikabaki nguzo mbili. "Nisubiri nirudi," alimwambia. Minda hakusubiri.

"Ni mimi, Bibi," akasema sasa, sauti ikiwa ndogo. "Nilikata nguzo kwa mashine ya diski. Cheche ziliruka huko kwenu. Sikuliona gauni."

Muuza mkate aliacha kutafuna. Bi Pasing alimtazama binti, kisha baba. "Haya, angalau mzimu una ulimi wa kweli. Matundu nitayashonea maua ya kitambaa juu yake. Na tao liko wapi?"

Hapo ndipo Minda alipoinamisha kichwa. Tao halikuwepo. Ncha za nguzo zilikuwa zimeungua, zimekatika mshazari, na zimeota miiba mikali ya chuma hata kipande cha kuziunga na bomba la juu hakikuingia.

"Cora hatembei chini ya hewa," akasema Bi Pasing, akaondoka na gauni lake.

Karakanani Berto alichomoa waya wa mashine kwanza. "Bila miwani, bila mtu mzima. Jicho hatulishonei ua, Minda."

"Nimekosa, Baba. Nilidhani kwa kuwa ndiyo unayokatia vyuma vya vibanda..."

"Vile ni vinene. Hili bomba ukuta wake kama ganda la yai." Akaweka mezani misumeno mitatu ya mkono. "Chagua. Meno matatu yakanyage unene wa ukuta huo kwa pamoja. Yakipungua, jino litanasa na kung'oka."

Minda aliweka msumeno wa kwanza kwenye ncha ya bomba. Jino moja tu lilikanyaga. Wa pili, mawili. Wa tatu ulikuwa na meno madogo kama ya samaki. Akahesabu, akarudia kuhesabu. "Huu."

Walibana bomba kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, lisibonyee. Minda alisukuma msumeno polepole, akilizungusha bomba kila baada ya muda. Mikono iliuma. Hakukuwa na cheche hata moja. Kisha akalainisha ncha kwa tupa, na kipande cha kuungia kikaingia.

"Tao limepungua vidole viwili," akanong'ona.

"Cora naye si mnazi," akajibu baba yake.

Saa nane mchana tao lilisimama uani kwa Bi Pasing, na Cora akapita chini yake mara nne, maua saba mapya yakicheza kwenye pindo.

"Mwanangu," akasema Berto, "mashine si mbaya. Ubaya ni kuchukua chombo kwa sababu kinakwenda mbio. Itazame kazi kwanza, kazi yenyewe itakuchagulia chombo. Na ukiharibu, sema, kama ulivyosema leo. Ungenyamaza, hata tao tusingelipata."

Bi Pasing akanyoosha mkono. Minda akaupokea, akauinamia na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaheshimu wazee.

"Vidole vinanuka chuma," bibi akalalamika, lakini hakuuondoa mkono. "Kanawe, uingie ule. Samaki ndio wametoka jikoni. Na huyo baba yako aje pia, kabla sijaghairi."