Sumaku Kwenye Mlango wa Gesi

Wewe unayenisoma, bila shaka umewahi kubandua stika ukaitupa karatasi yake ya mgongoni bila kuitazama mara mbili. Karatasi ile laini, inayoteleza kidoleni, ina watu wake. Nataka kukueleza yaliyoikuta nyumba moja ya watu hao, na ukifika mwisho tafadhali usiseme kwamba mambo ya Japani hayakuhusu.

Nyumba ilikuwa Kawanoe, mji ambao hata upepo wake unanuka karatasi. Mbele waliishi akina Goda, nyuma palikuwa na kiwanda chao kidogo. Asubuhi moja ya Novemba, Misao, mama wa nyumba, alikuwa barazani anamenya machenza, supu ikichemka jikoni. Binti yake wa pekee, Chizuru, alikuwa anafunga viatu vyake vya kazi huku akiimba. Chizuru aliwahi kugombana na baba yake kwa sababu ya papara za baba huyo kazini, akahamia Osaka miaka sita. Mwezi wa nne alirudi mwenyewe, akasema atairithi mashine. Tangu siku hiyo Misao alilala usingizi mzuri.

Alipoinuka kwenda kubandika ratiba ya taka kwenye friji, akakuta sumaku haipo. Ilikuwa sumaku ndogo yenye sura ya chenza. Chizuru alimnunulia baba yake kwenye safari ya shule, darasa la nne, kwa pesa zake za peremende. Miaka ishirini haikuwahi kutoka pale.

Aliikuta kiwandani, imefichwa nyuma ya kifuniko cha nyaya, kando ya mlango wa sanduku la mionzi.

Sanduku lile ndilo moyo wa kazi yote. Karatasi hupakwa silikoni nyembamba sana ya kuifanya iteleze, kisha hupita humo chini ya taa za mionzi, na silikoni hukauka kufumba na kufumbua. Lakini oksijeni isiwemo. Ikiwemo, silikoni hubaki mbichi na stika hugoma kubanduka. Kwa hiyo sanduku hujazwa gesi ya naitrojeni. Haina rangi wala harufu, na haikabi koo. Mtu huvuta pumzi mbili tatu akaanguka bila kujua kwamba anaanguka. Ndiyo maana kando ya mlango pana swichi inayohisi sumaku ya mlango: ukifungua, gesi inakatika na feni inaingiza hewa. Kulijaza tena sanduku huchukua nusu saa, na nusu saa ya kusubiri, kwa Tetsuo mume wa Misao, ilikuwa sawa na kung'olewa jino. Akaiwekea swichi sumaku, mashine ikaamini kwamba mlango umefungwa siku zote.

"Baba Chizuru, sumaku ya friji inafanya nini huku?"

"Inafanya kazi. Kule jikoni ilikuwa imestaafu."

"Lakini gesi haitakatika."

"Ndiyo nilivyotaka." Tetsuo hakugeuka. "Karatasi ikikwama nafungua, nabana pumzi, naivuta kwa kulabu, nafunga. Dakika moja tu. Mwenye lebo za dawa anataka mzigo wake Ijumaa, wewe unataka nikae naitazama mashine ikipumua?"

"Na mtoto je?"

"Mlango ule haugusi, ni wangu mimi. Wewe kasugue karatasi zako, mama, mashine niachie."

Kusugua karatasi ndiyo ilikuwa kazi ya Misao. Kila roli alilipitishia kidole gumba. Silikoni mbichi huacha ukungu wa mafuta, naye aliuona hata ukiwa hafifu vipi. Kilichokuwa kibichi nyumbani mwake pia alikiona. Lakini amwambie nani? Akimwambia Chizuru, ugomvi wa zamani ungeamka, na binti angepanda treni kurudi Osaka. Akinyamaza, sumaku ingebaki pale pale. Akakwama katikati, na kila siku iliyopita ilizidi kumfungia mlango wa kusema, maana angeulizwa kwa nini hakusema jana.

Kibaya zaidi ilikuwa saa mbili asubuhi. Kama viwanda vyote vya kule, kabla ya kuwasha mashine walisimama mstari mmoja, wakanyoosha kidole na kutaja kila kitu kwa sauti.

"Mlango ukifunguka, gesi inakatika. Sawa!" Tetsuo aliongoza.

"Sawa!" aliitikia Chizuru, sauti yake juu kuliko wote.

Na Misao alinyoosha kidole chake pale pale ilipojificha sumaku, akasema sawa. Asubuhi tisa. Ndugu zangu, hebu fikirini uongo wa namna hiyo, unaosemwa kwa adabu, kwa pamoja, na kwa kidole.

Siku ya tano aliiondoa kimyakimya. Adhuhuri akaikuta imerudishwa, tena na selotepu juu yake.

"Panya wa siku hizi wanaiba sumaku," Tetsuo alisema mezani, akinyonya tambi zake. Chizuru alicheka sana bila kujua anachokichekea. Misao alicheka pia.

Alhamisi alasiri Tetsuo alikuwa ofisini, anazungumza na mteja kwenye simu, wakati karatasi ilipokatika ndani ya sanduku. Chizuru alizima taa na roli, akafungua mlango, akanyoosha kidole.

"Mlango umefunguka, gesi imekatika. Sawa."

Kisha akaanza kuhesabu hadi sitini, kama alivyofundishwa, ili feni imalize kuingiza hewa. Feni ya kiwanda ilinguruma darini, na kwa ngurumo ile hakujua kwamba ya sanduku imenyamaza.

Misao, kwenye meza yake ng'ambo ya mashine, aliisikia hesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Angepiga kelele tu. Lakini akawaza: nikipiga kelele atajua yote, atajua hata mimi nilijua. Akautazama mlango wa ofisi. Tetsuo atatoka. Thelathini. Atatoka sasa hivi. Arobaini na nne. Hakutoka. Kwenye hamsini Misao aliangusha karatasi akakimbia, akalizunguka roli zima la karatasi lililomzibia njia, na alipofika Chizuru alikuwa ameshainama ndani hadi kiunoni, na miguu yake imelegea.

Tetsuo alitoka akipiga mayowe, akataka kuingiza kichwa amvute. Misao alimkamata mkanda wa suruali.

"Usiingie! Utabaki humo humo!"

Aliing'oa sumaku na selotepu yake. Feni ikaamka. Wakaivuta miguu ya mtoto wao, lakini koti lilikuwa limenasa kwenye chuma. Dakika zilikuwa ngapi, hakuna anayejua. Daktari alisema zilitosha kuumiza ubongo.

Chizuru yuko hai. Anatembea, anakula, anaimba. Mashine iliuzwa. Kila asubuhi Chizuru husimama mbele ya friji jikoni, akaishika ile sumaku.

"Mama, kachenza haka kazuri. Nani kakanunua?"

"Wewe, mwanangu. Ulimnunulia baba."

"Kweli?" Hufurahi kama ndiyo mara ya kwanza. "Baba alikapenda?"

Hapo Tetsuo huweka vijiti vyake vya kulia chini, akatoka nje.

FUNZO

Tetsuo alikosa, na wa mji wake walimlaumu yeye. Mimi sikumsamehe, lakini sikuandika haya kwa ajili yake. Niliandika kwa ajili ya wanaojua na kunyamaza ili nyumba isigombane. Jirani, ulinzi uliowekwa ili mtu asife usiuondoe kwa sababu ya haraka, na ukiona umeondolewa, sema siku hiyo hiyo, hata kama wa nyumbani mwako watanuna au kufunga mizigo. Misao alichelea binti yake asije akarudi Osaka. Leo angempeleka kituoni mwenyewe, amkatie tiketi, ampungie mkono.