Jiwe la Kisima cha Tamlalt

Sisi tunaokaa pembezoni mwa uwanda wa Kemkem hatuulizani jiwe limeokotwa wapi. Unaweza kumuuliza mtu ana mbuzi wangapi, mkewe ana umri gani, hata alitoa mahari gani, naye akakujibu. Muulize alipookota kimondo, atakunyooshea kidole kaskazini ilhali yeye mwenyewe katoka kusini. Wala kwetu huo si uongo. Kimondo kikianguka huvunjika vipande vingi, na ukitaja mahali leo, kesho utakuta magari kumi na mawili yanakanyaga malisho yako.

Tuda alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mjane wa miaka hamsini na kitu, mkavu, mwenye maneno, na katika kutaja mahali pa uongo hakuna aliyemfikia. Wanaume wa magari, wasaka vimondo, walikuwa wakipita sehemu mara tatu na vifaa vyao, kisha yeye akapita na mbuzi wake na fimbo yenye sumaku nchani, akaokota.

"Nyinyi mnatafuta jiwe," aliwacheka. "Mimi natafuta lile ambalo mawe wenzake hawalijui."

Alhamisi hiyo ilikuwa siku kama nyingine. Alikuwa amekula mkate na tende, amekunywa chai yake, na mbuzi walikuwa wametawanyika wakitafuta cha kutafuna. Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tangu kimondo kikubwa kipite wakati wa adhana ya alfajiri na kuangaza mpaka ndani ya nyumba. Akaliona. Lilikuwa jeusi, la ukubwa wa mkate mdogo, limekaa juu ya changarawe kama lililowekwa kwa mkono. Sumaku ikalidaka. Akasema bismillahi, akaliinua. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa. Siku kumi na mbili za jua la Juni, na mchanga ulikuwa umelowa. Aliugusa, akanusa kidole, kisha akakifuta kwenye nguo haraka, bila kujua haraka ile ilikuwa ya nini.

Kila mtoto wa huku anajua vimondo vinarushwa kwa nini. Mashetani hupanda kwenda kudukua habari za mbinguni, na malaika huwatupia moto. Hilo tunafundishwa. Ila sijamsikia mtu akiuliza, yule anayepigwa huangukia wapi.

Mjini Arfud kulikuwa na Bujmaa, mwalimu wa sayansi aliyeacha chaki akawa dalali wa mawe. Alilitazama jiwe la Tuda kwa lenzi, akalipima, akalipima tena. Jiwe lisilo na karatasi ni jiwe tu, na karatasi hutoka kwa wapimaji wa mji mkuu. Wao hutaka wakatiwe kipande. Kipande hicho hakirudi, hukaa kwenye kabati lao daima. Bujmaa akawasha msumeno wa maji, akakata sehemu moja kati ya tano. Kisha akachukua fomu.

"Lalla Tuda, mahali," alisema, akimwita bibi kwa heshima ya huku.

"Andika Tamlalt, penye kisima."

"Tamlalt hata mimi najua hakuna kitu."

"Kama unajua, unaniulizia nini?"

Bujmaa akacheka. Alinakili namba za mahali kutoka kwenye kile kifaa cha satelaiti alichoachiwa Tuda na Mfaransa mmoja. Tuda aliwahi kupiga hema Tamlalt miaka miwili nyuma, wakati kisima kilipokuwa bado na maji, na namba zilibaki humo. Siku hizo hapakuwa na mtu wala mbwa. Tuda alichagua mahali ambapo uongo hautamdhuru yeyote.

"Wakilipitisha litaitwa Tamlalt," Bujmaa alimkumbusha. "Jiwe huitwa kwa mahali lilipoangukia. Na jina lako linaandikwa hapa chini, mwokotaji. Likishaingia halifutwi."

"Liite hata Bujmaa. Mimi nataka karatasi."

Aliitaka kwa sababu ya Izza, binti yake wa pekee, aliyekuwa akihangaika na hema na kitoto cha miezi mitano huku mumewe Basu akichimba mgodini mbali. Kwa lile jiwe, Tuda angemjengea Izza nyumba ya matofali, aache kuhamahama. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwake.

Wiki ya nne, simu ikalia. Izza alikuwa akinong'ona.

"Mama, uko nyumbani?"

"Niko. Mbona sauti hiyo? Uko wapi?"

"Niko juu ya kilima, ndipo mtandao unashika. Tuko Tamlalt. Mvua ilinyesha huku, kisima kimejaa, Basu akatuhamishia hapa kabla hajarudi mgodini."

Tuda akakaa chini. Anayefuga hukimbilia ilikonyesha. Yeye, aliyezaliwa hemani, alikuwa amelisahau hilo.

"Mama, kuna mtu. Anakuja saa sita, jua likiwa utosini. Anatokea kwenye mng'ao, kwa miguu, hana hata kibuyu cha maji. Nilimkaribisha chai, hakunywa. Anachimba."

"Anachimba nini?"

"Mashimo. Anachimba kwa mkono mmoja. Ule mwingine anauficha ndani ya joho. Anasema anatafuta kitu chake. Nikamwambia, mzee, hapa hakuna kitu cha mtu. Akasema... Tuda amesema kipo hapa."

Tuda akasimama.

"Toka hapo, mwanangu. Ondoka sasa hivi."

"Nitaondoka vipi? Mbuzi wamelala tangu aje, hawainuki. Punda naye amelala. Kwa miguu ni siku mbili, jua hili na mtoto. Siku ya kwanza alichimba mbali, kule kwenye migunga. Leo amechimba penye kamba za hema. Na anamtazama mwanangu Moha."

Asubuhi ya pili yake, Tuda alikuwa mlangoni kwa Bujmaa kabla duka halijafunguliwa.

"Futa. Andika mahali pa kweli."

"Jina limeshapita, Lalla. Barua ilikuja juzi."

"Basi nipe jiwe. Na kile kipande."

"Jiwe hili hapa. Kipande hakirudi, unajua sheria yao."

Bujmaa alitaka kutania, akamtazama usoni, akaacha. Alichukua funguo za gari.

Walifika Tamlalt saa sita kasoro. Gari lilizimika lenyewe hatua mia kutoka kisimani. Bujmaa alijaribu kuliwasha mara mbili, kisha akapandisha vioo, akaanza kusoma kila aya aliyoikumbuka. Tuda alishuka peke yake, jiwe kalifunga kwenye mtandio.

Mashimo yalikuwa kila mahali. Kila shimo lilikuwa na kina cha mkono mzima wa mtu, mviringo, safi. Pembeni hapakuwa na udongo uliotolewa. Hakuna hata konzi moja. Mbuzi walikuwa wamelala macho wazi. Izza alikuwa mlangoni mwa hema, midomo imepasuka. Alitazama tu nyuma ya bega la mama yake.

Tuda akageuka.

Mtu alikuwa amesimama hapo. Alikuwa mrefu na mwembamba. Joho lake lilikuwa safi, halina chembe ya vumbi. Alinuka kama gumegume lililogongwa. Baadaye, kila Tuda alipojaribu kuukumbuka uso wake, alikumbuka mng'ao wa jua tu.

Alifungua mtandio, akamnyooshea jiwe.

Mtu akautoa mkono wake wa pili ndani ya joho. Ulikuwa umeishia kwenye kifundo. Palipoishia palikuwa na gamba jeusi, lililoyeyuka na kuganda. Akaliinua jiwe kwa mkono mzima, akaliweka hapo, akaligeuza taratibu. Likakaa. Ila upande wa msumeno ulibaki pengo.

"Limepungua," alisema. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu anayerudisha kitu dukani.

"Lilikatwa," Tuda alinong'ona. "Kipande kiko mji mkuu. Kwa wapimaji, kwenye kabati."

"Ulisema hapa."

"Nilidanganya. Sasa nasema kweli."

Mtu akafikiri.

"Kwanza hapa. Sasa mjini." Aligeukia hema. "Nitamalizia hapa."

Akainama. Akaingiza mkono mlangoni, pembeni mwa Izza. Akapapasa mkeka. Akapapasa mto. Akafika kwenye blanketi la mtoto, akasimama hapo. Moha hakulia. Alikuwa ametulia tuli, akimtazama.

Tuda alikuwa amedanganya maisha yake yote, na kamwe hakuwahi kuhitaji kudanganya vizuri namna ile.

"Kiko kwangu," alisema. "Hao hawajui lolote. Nilikificha nyumbani kwangu, sikutaka ukipate."

Mkono ukatoka hemani.

"Kwako wapi?"

"Nifuate nikuonyeshe."

"Mama," Izza alianza.

"Nyamaza. Mnyonyeshe mtoto."

Mbuzi wakainuka wote kwa pamoja. Gari likawaka. Bujmaa anaapa mpaka leo kwamba walirudi watu wawili tu garini, yeye na Tuda. Ila njia nzima gari lilikuwa zito, na nyuma lilikuwa limedidimia upande mmoja.

Kuanzia hapo, kila saa sita mchana, tulimsikia Tuda ng'ambo ya ukuta. "Penye tanuri," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. Siku nyingine, "Zizini, kona ya kushoto." Siku nyingine, "Chini ya mtungi." Alitoa mahali pamoja kwa siku, kwa ubahili, kama mtu anayegawa maji. Mama yangu alipochungulia akakuta ua mzima una mashimo.

"Lalla, unatafuta nini humo?"

"Hazina ya marehemu mume wangu," Tuda alimjibu. "Alikuwa mchoyo, unamjua."

Mama alicheka. Tuda hakucheka. Alikuwa amekonda, macho yamemtoka, na alihesabu kuta za nyumba yake kwa kidole. Ua ulikwisha. Zizi likaisha. Jiko likaisha. Bujmaa aliandika barua mbili mji mkuu kuomba kile kipande, akajibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani. Siku ya thelathini na nne kilibaki chumba cha kulala, nafasi ya kitanda. Siku ya thelathini na tano hakikubaki kitu.

Yaliyotokea siku hiyo alimwambia mama yangu mara moja tu, kwa kunong'ona, na hakurudia.

Yule mtu alikuja saa ile ile. Akasimama katikati ya mashimo.

"Nyumba imekwisha," alisema.

Tuda alizitazama kuta, akazihesabu tena.

"Basi narudi kwa yule mtoto. Hapo sikumaliza."

Tuda aliogopa. Akaketi chini, mgongo ukutani. Kisha akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto.

"Pamebaki pamoja."

"Wapi?"

"Hapa."

Mtu akamsogelea. Akachuchumaa mbele yake.

"Safari hii unasema kweli?"

"Kweli. Na ukishachukua, huna chako tena kwetu."

Akakunja mkono wa joho mpaka begani, taratibu, kama anayetaka kuchota kisimani.

Sisi hatukusikia chochote. Hapakuwa na kelele wala kishindo. Alasiri Tuda alitoka na ndoo, akawanywesha mbuzi, akatusalimu. Kuanzia kesho yake ukuta ulikuwa kimya saa sita. Mashimo aliyafukia mwenyewe, kwa udongo wa kununua. Izza alihamia kwake akaishi hapo, na Moha akaanza kutembea akishika ukuta ule ule. Tuda akawa mpole. Waokotaji waliomuuliza mahali aliwatajia mahali palepale hasa, nao, kwa mazoea, hawakumwamini.

Mwaka uliofuata macho yake yalianza kuuma kwa vumbi, Izza akampeleka zahanati ya Arfud. Daktari alikuwa kijana, mchangamfu. Alimpima macho, akamtania kwamba yanaona kuliko ya kwake. Kisha, kwa desturi tu, akaweka kifaa chake masikioni na ncha yake kifuani mwa Tuda. Akasikiliza. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza kulia, akakipeleka mgongoni, akakirudisha. Akakitoa masikioni, akakigonga kwa ukucha, akajiwekea mwenyewe kifuani, akayasikia mapigo yake, akamrudishia Tuda tena. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. Alikikunja, akakitia mfukoni, akaandika dawa ya macho kwa mwandiko uliopinda, akawasogezea karatasi bila kumgusa tena.

"Daktari, kuna nini?" Izza aliuliza.

Daktari alimwita mgonjwa anayefuata. Tuda alikuwa ameshasimama, anajifunga mtandio.

"Twende, mwanangu," alisema. "Mtoto atakuwa ameamka."