Waya Namba Saba

"Nanasi limeiva. Linachumwa leo."

Zunilda Ovelar aliisikia sauti hiyo kwenye kisikilizio ndani ya kofia yake, akaongeza moto pikipiki ya Kenton. Nanasi ni shehena ya bunduki. Kuchumwa ni uvamizi: lori likishapakiwa tu, polisi wanaingia.

"Wewe ni fundi umeme, basi," iliendelea sauti ya Shangazi, mkuu wake wa kazi polisini. "Icheleweshe mashine, lori lisiondoke. Habari za Arsenio si kazi ya leo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

Alidanganya.

Arsenio Cabañas alikuwa askari mwenzake. Miezi minne iliyopita aliingia kwenye karakana hiyohiyo anayoiendea leo, nje kidogo ya mji wa Hernandarias, Paraguay, kwa sura hiyohiyo ya fundi umeme. Hakutoka. Na jioni hii genge la bunduki lilikuwa linahama. Karakana ingetiwa moto, na chochote cha Arsenio kilichobaki humo kingeteketea. Mama yake, Ña Blásida, hakuomba kisasi. Aliomba mahali.

"Wenzangu wana kaburi la kuwashia mshumaa, mwanangu. Mimi namwashia nani? Upepo?"

Tangu siku ile Zunilda hakulala vizuri. Alikuwa anamsikia Arsenio akipiga mluzi jikoni kwake, na akitoka kuangalia, jiko tupu.

Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana. Barabara nyeupe kwa jua, mbwa wamelala kivulini, hakuna mtu. Kwetu mizimu haisubiri usiku. Inazurura saa hii, ndiyo maana watoto hufungiwa ndani.

Getini alisimama mlinzi, bunduki shingoni, kibuyu cha tereré, chai ya majani ya maji ya barafu, mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa mzaha, jina lake Derlis.

"Wewe ndiye fundi? Mimi nilitegemea mtu mwenye ndevu."

"Nimeziacha nyumbani. Zinawasha kwenye joto."

Derlis alicheka, akamfungulia.

Mashine ilisimama mwisho wa karakana: mashine kubwa ya kuchonga chuma, ya kijani, iliyoletwa kutoka Czechoslovakia enzi za babu zetu. Pembeni yake yalipangwa matumbo ya bunduki, yakisubiri mkato wa mwisho. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Inajiwasha," Derlis alisema, sauti ikashuka. "Peke yake. Wiki iliyopita nusura imle Eligio mkono. Kakimbia, hajarudi hata kudai mshahara. Ni póra huyo, dada. Mzimu kabisa."

"Bosi yuko wapi?"

"Don Vidal? Ofisini, nyuma ya mashine. Anakoroma na feni yake."

Zunilda alifungua kabati la umeme. Harufu ya mafuta ya zamani na vumbi lililoungua. Alichomoa mita yake ya Fluke. Fyuzi nzima. Umeme wa kuongozea, volti ishirini na nne, upo. Akachomoa waya za kitufe cha kuwashia, akasubiri.

Tak.

Rilei, swichi ndogo ya kuongozea, ilijivuta. Kontakta, swichi kubwa ya mota, ikafuata. Mashine ikanguruma.

Derlis alijipiga ishara ya msalaba. Zunilda alibonyeza kitufe chekundu, kimya kikarudi. Kitufe hakikuwa na kosa. Kuna mahali pengine palipokuwa panatoa amri.

"Huwa inaanza saa ngapi?"

"Saa hiihii."

"Na kabla yake huwa unafanya nini?"

"Mimi? Namwagia sakafu maji. Vumbi litulie, joto lipungue. Sasa hivi nimetoka kumwaga. Maji nayo ni dhambi?"

Zunilda aliinama kabatini. Chini ya rilei palikuwa na waya mbili kuukuu, namba saba na namba nane, zikiingia kwenye paipu na kuzama sakafuni. Alizichomoa. Akasubiri tena. Mashine haikujiwasha.

"Hii paipu inakwenda wapi?"

"Mlangoni. Zamani kulikuwa na kitufe cha pili kule. Kiling'olewa kabla sijazaliwa."

Aliubana waya wa saba kwa kipaza ishara, akashika kitafuta-waya, akatembea nacho taratibu juu ya sakafu. Pip. Pip. Pip. Katikati ya karakana kikanyamaza.

Chini ya miguu yake palikuwa na kiraka cha saruji mpya, kina ufa pembeni. Urefu wa mtu aliyelala.

Zunilda alisimama pale. Alijua. Aliyechimba hapa alikata paipu kwa sururu, akazichuna waya na kuziacha ndani ya udongo. Kila sakafu ikimwagiwa maji, maji yanapenya ufa, udongo unalowa, waya mbili zinakutana. Na yule aliyelazwa pale anaiwasha mashine.

"Nani aliziba hapa?"

"Bosi mwenyewe, Jumapili moja. Kasema bomba lilipasuka."

"Kwa mikono yake?"

"Yule? Hata kijiko anashikiwa." Derlis alicheka, kisha kicheko kikakatika. Macho yakamtoka. "Dada! Kitu kikihangaika chenyewe, chini yake kuna nini?"

Kila Mparagwai anajibu swali hilo. Fedha. Fedha ambayo mababu waliifukia wakikimbia Vita Kuu, ile ya kale dhidi ya Brazil, na mzimu unailinda.

"Bosi kaipata, kaificha!" Derlis alinong'ona. "Ndiyo maana wanahama haraka!"

Zunilda angeweza kumrekebisha. Hakumrekebisha, na aliona aibu. Alikwenda kwenye kabati, akarudisha waya wa saba na wa nane mahali pake, apate kuthibitisha kwa maji; ufa ulikuwa umeshakauka kwa joto, mashine ikatulia. Alipogeuka, Derlis alikuwa ameshapiga mtaimbo.

Saruji ilikuwa nyembamba, kazi ya mtu asiyejua kazi. Chini yake udongo mwekundu. Wakachimba pamoja.

Ilitokea kitambaa cha buluu. Kisha saa ya Casio, imefungwa kwenye mfupa wa mkono.

Derlis alivua kofia.

"Hii ya Arsenio," alisema. "Fundi Arsenio. Alikuwa ananichekesha mpaka nashika ubavu. Bosi kasema amevuka daraja kwenda Brazil. Mimi nikamlaani, kwamba kaondoka hata bila kuniaga."

"Toka kwenye shimo, Derlis," ilisema sauti nyuma yao.

Don Vidal alisimama kando ya mashine, amevaa fulana na kandambili, bastola ya Taurus mkononi. Uso bado una mikunjo ya mto.

"Na wewe, bibie. Mikono juu."

Bastola ya Zunilda, Glock, ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, mbali. Karibu na mguu wake palikuwa na jagi la Derlis la maji ya tereré, limejaa barafu.

"Don Vidal," alisema polepole, "huyu mtu ulimzika vibaya."

Akalipiga jagi teke.

Maji yalimwagika shimoni, yakazunguka mifupa, yakaifikia paipu iliyovunjika.

Tak.

Mashine ilinguruma sikioni mwa Vidal.

Aligeuka. Alifyatua risasi mbili kwenye chuma cha kijani, na alipiga kelele iliyosikika mpaka uani:

"Arsenio! Niache, Arsenio!"

Mtaimbo aliourusha Derlis ulimpata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Derlis alitoka shimoni na kumkalia mgongoni, huku akilia waziwazi.

Zunilda alichukua redio yake ya Motorola.

"Shangazi. Chuma nanasi."

"Lori?"

"Liko uani. Limejaa nusu."

"Na wewe umefanya nini humo?"

"Nimetafuta hitilafu. Nimeipata."

Kisha alipiga simu nyingine. Iliita mara moja tu. Huyu mama hakuwa akilala mchana, kama yeye asivyolala usiku.

"Ña Blásida. Nimepata mahali."

Halafu sauti ndogo:

"Yuko peke yake?"

Zunilda aliangalia nyuma. Derlis alikuwa amemwachia polisi wa kwanza aliyeingia yule bosi wake, amevua shati lake jeupe, anapiga magoti na kumfunika Arsenio.

"Hapana, mama. Yuko na rafiki."

Polisi walijaa karakana. Ofisa mmoja aliziba masikio.

"Fundi! Izime basi hiyo mashine!"

Zunilda alivaa kofia yake, akapita katikati yao kuelekea juani.

"Mwacheni," alisema. "Mwacheni amalize kusema."