Kila Jumapili Mume Wangu Alinisalimu Redioni

Nina umri wa miaka ishirini na saba, mjane, mama wa binti mmoja. Ninaishi Minjila, karibu na Garsen. Wasomaji wenzangu, najua wapo watakaosema nimeyataka mwenyewe... Labda. Lakini nisomeni kwanza, halafu mnihukumu!

Sisi Waorma ni watu wa ng'ombe, na kwetu habari haitolewi kwa haraka. Mtu akifika kutoka malishoni hukaribishwa, hupewa maziwa au chai, kisha huulizwa habari. Naye huanzia kule alikotoka: mvua imenyesha wapi, nyasi zikoje, maji yako mbali kiasi gani, nani anaumwa, nani ameoa, ng'ombe wa nani wamepotea. Hakatizwi. Watu huitikia tu mpaka amalize, halafu wanamuuliza yale aliyoyaruka. Watu wanahama au hawahami kwa sababu ya habari hiyo.

Mimi nilifika darasa la nane, na desturi hiyo ilinichosha. Nilipenda redio. Pale Garsen tulikuwa na klabu ya salamu, vijana wa Kipokomo na Kiorma na Wagiriama wachache, tukikutana mkahawani kila Jumapili kusikiliza kadi zetu zikisomwa. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu Dido, mdogo wa mume wangu. Unaandika jina lako, unawataja unaowasalimu, unamaliza kwa ujumbe wa maneno matatu manne. Ukizidisha, mtangazaji anakuruka.

Basi tulibishana wee! Kijana mmoja aitwaye Maro alisema haya si mazungumzo hata kidogo. Wewe unasema subira yavuta heri, mwenzako wiki ijayo anajibu haraka haraka haina baraka, na hakuna aliyemjua mwenziwe zaidi ya jana. Dido alimcheka, akasema mwenye akili haambiwi mengi. Mimi ndiye niliyempigia makofi kuliko wote.

Mume wangu Barisa hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mpole, na nyumbani alikuwa msemaji kwelikweli. Akirudi jioni lazima anisimulie ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, nani amechechemea, nani amekataa ndama. Nami namwambia, Baba Amina, fupisha, ugali unapoa! Leo ningetoa nini nimsikie tena akinichosha?

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mvua ilishuka isivyo kawaida. Mto ukavunja kingo, mashamba yakazama, barabara zikakatika. Barisa na Dido walikuwa wameshapeleka ng'ombe juu, pande za Nanighi, kwenye ardhi kavu mbali na mto. Mimi na mtoto na mama mkwe tulibaki Garsen chini ya karatasi ya nailoni, tukingoja chakula cha msaada. Simu huko walikokuwa haikuwepo. Tulichokuwa nacho ni redio, na betri tulizozianika juani ziongeze pumzi.

Jumapili moja nikasikia jina langu! Barisa, akiwa malishoni Nanighi, anamsalimu mkewe Halima na mama yake mzazi, Garsen. Ujumbe, mvumilivu hula mbivu. Nililia kwa furaha. Nilijua Dido ndiye mwandishi, maana mwenyewe hana kalamu, lakini niliamini maneno ni ya mume wangu. Jumapili iliyofuata tena, na iliyofuata tena. Daima methali. Nikajipaka hina, nikatembea kwa maringo kambini. Nani mwingine pale alisalimiwa hewani na mumewe?

Mama mkwe hakufurahi. Aliniuliza kuhusu ng'ombe, nikamwambia hakuwataja. Akaniuliza kama ameeleza maji yako wapi, nikamwambia mama, kungekuwa na baya angesema. Kikongwe yule akatikisa kichwa.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Mwanangu hasemi maneno matatu akanyamaza."

Nilikasirika! Nilimwona mshamba, mtu asiyejua mambo ya kisasa. Nikachukua kadi yangu na kuandika, mapenzi hayana umbali. Nikampa mtu wa mashua aniwekee posta. Sikuuliza lolote. Na hata ningeuliza, redio ingenijibu nini?

Maji yakapungua, lori zikaanza kupita. Siku moja, nayo Jumapili, akateremka Habona, shangazi yake Barisa, anayefuga huko juu. Nikampa chai. Akaanza habari kama ilivyo ada, tangu alikotoka. Mbuzi wameoza miguu. Mbu wamekuwa wengi. Ng'ombe wanatoa mimba, wengine wanakufa wima. Mimi jicho langu liko kwenye redio. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikamwambia shangazi, fupisha tafadhali, salamu zinaanza.

Akanitazama kwa mshangao, akaendelea vilevile. Watu wameshikwa na homa, wengine wametokwa damu puani, wamezikwa wengi.

"Nikapita kwenye kaburi la Barisa," akasema. "Miiba iliyolizunguka iko imara, fisi hawajaligusa. Ndipo nikasema nije niwape pole."

Masikini, alidhani tulikwisha ambiwa! Alikuja kutupa mkono wa tanzia, akaanzia mwanzo kama tulivyofunzwa sote. Na kabla sijapata pumzi ya kumuuliza, mtangazaji akasoma kwa sauti yake ya uchangamfu... Barisa, akiwa malishoni Nanighi, anamsalimu mkewe Halima. Ujumbe, baada ya dhiki faraja!

Sikumbuki nilianguka vipi. Nakumbuka mama mkwe akiizima redio kwa mikono miwili.

Habona alitueleza yote. Barisa alichinja ng'ombe mgonjwa kabla hajafa, asiwe nyamafu. Baada ya siku chache homa ikampiga. Salamu ya kwanza iliandikwa akiwa amelala mkekani. Zilizofuata ziliandikwa akiwa chini ya mchanga.

Nikaenda kwa shehe kuuliza eda. Akanieleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kujua. Sehemu kubwa nilikuwa nimeimaliza... nikiwa na hina mikononi! Mwanamke gani huyo anayekaa eda akicheka?

Dido aliporudi hakunitazama usoni. Mbele ya mama yake alikiri. Aliogopa ikijulikana kwamba nyumba yetu ina ugonjwa, ng'ombe wasingeruhusiwa kwenda sokoni, na sote tungekufa njaa. Ng'ombe wenyewe wengi walimfia njiani. Alisema kila kadi aliyoandika alidhani ni ya mwisho, kwamba wiki ijayo atapata ujasiri. Mama mkwe hakumgombeza. Alimuuliza jambo moja tu, mwanawe alisema nini kabla ya kufa.

Dido akalia mpaka kamasi zikamtoka. "Alisema nikuandikie, shemeji, nami nikamwambia nimeshaandika. Alisema, Halima, ninaumwa, njoo."

Ninaumwa, njoo! Wasomaji, maneno mawili! Ni mafupi kuliko methali zote alizoniandikia Dido. Mtangazaji angeyasoma bila kuruka herufi. Ningepanda mashua, ningepanda lori, ningetembea kwa miguu na mtoto mgongoni. Huenda angefika hospitali. Huenda angekufa mikononi mwangu. Sitajua kamwe!

Kwa hiyo msinisikie vibaya. Si ufupi ulioniponza. Kuna neno fupi lililobeba roho ya mtu, na kuna neno fupi lisilobeba kitu, ambalo mtu yeyote angeweza kuliandika kwa jina la yeyote. Mimi sikujifunza kuyatofautisha. Nilipigia makofi jina langu, nikadhani nimezungumza na mume wangu.

Ndugu zangu mnaopendana kwa kadi na salamu, nawasihi. Mpendwa wako akikupa methali, usitosheke. Tafuta mtu anayekwenda huko, mpe maswali. Muulize amelala wapi, amekula nini, nani anamchotea maji. Akikosa kujibu, funga safari siku hiyohiyo, hata wakuite mwenye wivu, hata wakucheke.

Mume wangu aliniita. Alilala akitazama njia, akisikiliza kama kuna miguu inakuja, akaondoka duniani akiamini nimepata mwito wake nikakataa kwenda.